Kijiji Kisichoacha Jiwe: Mitaro ya Majaribio katika Mashamba ya Uingereza

Nchini Uingereza, mtu au kampuni inayotaka kujenga nyumba katika shamba lililo pembezoni mwa kijiji cha kale hulazimika mara nyingi, kabla ya kupewa kibali, kuwalipa wanaakiolojia waje kupasua mitaro michache katika shamba hilo na kutazama kilichomo chini ya udongo wa juu. Mitaro hiyo huitwa mitaro ya majaribio, kwa kuwa lengo lake si kufukua mabaki yote bali ni kujua kama yapo, ni ya zama gani, yamehifadhika kiasi gani na yameenea hadi wapi, ili wenye mamlaka waamue wakiwa na ushahidi mkononi. Ni kazi ya siku chache, na mpita njia anaweza kudhani kwamba ni bomba la maji linalolazwa. Hata hivyo, makazi mengi ya wakulima wa kati ya karne ya 5 na ya 11 yaliyogunduliwa nchini humo tangu mwaka 1990 yalionekana kwanza ndani ya mitaro ya namna hiyo.

Zama zinazohusika hapa ndizo wanahistoria wanazoziita Zama za Kati za mwanzo, yaani kipindi kinachoanza pale utawala wa Kirumi ulipokoma Uingereza karibu na mwaka 410 na kwisha mwaka 1066, Wanormani walipovuka bahari kutoka Ufaransa na kuiteka nchi. Warumi walikuwa wamejenga kwa mawe, matofali na vigae vya paa, wakatumia sarafu kwa wingi na vyungu vilivyofinyangwa kwa gurudumu, na vitu vya namna hiyo havipotei upesi. Hata mkulima wa leo anayelima kwa trekta huviona vimezagaa juu ya ardhi. Baada yao, katika nusu ya mashariki na kusini ya nchi, walishika nafasi watu waliozungumza lugha za jamii ya Kijerumani, baadhi yao wakiwa wamehamia kutoka pwani za Ujerumani, Denmark na Uholanzi za leo, ambao kwa jumla huitwa Waanglo-Saksoni. Watu hao walijenga kwa mbao na kuezeka kwa nyasi, wakafinyanga vyungu kwa mkono na kuvichoma kwa moto hafifu, na kwa vizazi kadhaa hawakuwa na sarafu zao wenyewe. Mtawa Bede, aliyekamilisha historia yake ya kanisa la Uingereza mwaka 731, aliandika kwa kirefu habari za wafalme, maaskofu na watakatifu, lakini hakueleza mkulima alilala katika nyumba ya namna gani, alipika wapi, wala zizi lake lilikuwa upande gani wa ua. Habari hizo zimo ardhini peke yake.

Nguzo ya mbao iliyochimbiwa ardhini huoza, na nafasi iliyokuwa imeishika hujaa udongo laini wenye mboji, mkaa na takataka za jikoni, ambao rangi yake ni nyeusi kuliko ya ardhi inayouzunguka. Doa hilo la duara, ambalo huenda lina upana wa sentimita 30 tu, huitwa shimo la nguzo, na mashimo kadhaa yakijipanga katika mstari hutoa ukuta, na kuta nne zikikutana hutoa nyumba. Mkazi wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana jambo hili, kwani nyumba ya miti na udongo anaijua tangu ujenzi wake hadi kuanguka kwake. Na kwa hakika historia ya mwanzo ya miji ya Waswahili imefuatiliwa kwa alama hizo hizo. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, ambako mwanaakiolojia Mark Horton alianza kuchimba mwaka 1980, chini ya misikiti ya mawe ilionekana misikiti ya awali iliyojengwa kwa miti katika karne ya 8, na kilichobaki cha majengo hayo kilikuwa mashimo ya nguzo zake. Waumini wa Shanga na wakulima wa Uingereza wa karne hiyo hawakujuana, ila waliiachia ardhi ushahidi wa aina moja.

Wafu wa Kianglo-Saksoni wamejulikana mapema na vizuri zaidi kuliko nyumba walizoishi, kwa sababu katika karne ya 5 na ya 6 wengi walizikwa wakiwa na vikuku, vifungo vya nguo, mikuki na shanga, na vitu hivyo huonekana hata kwa mtu asiye mtaalamu. Baadhi ya wanawake walizikwa na mikoba ambayo mdomo wake ulishikwa wazi na pete kubwa ya pembe ya ndovu. Uchunguzi wa kikemia wa pete za namna hiyo kutoka makaburi ya Scremby, katika jimbo la Lincolnshire, uliochapishwa mwaka 2023, ulionesha kwamba pembe hizo ni za tembo wa Afrika waliokulia kwenye ardhi ya miamba ya volkeno, na watafiti waliitaja sehemu ya Bonde la Ufa iliyoko Kenya kuwa ndiyo inayoelekea zaidi kuwa asili yake. Ni jambo la kustaajabisha kwamba njia iliyopitiwa na pembe ya ndovu kwa maelfu ya kilomita inaweza kukisiwa, ilhali kwa makaburi mengi ya zama hizo haijulikani hata leo waliozikwa humo walikuwa wakiishi katika shamba lipi. Makaburi yalichimbwa tangu karne ya 18 na watu waliotafuta vitu vya kuhifadhi makabatini. Makazi hayakutafutwa, na yalipochimbuliwa kwa bahati hayakutambuliwa.

Mahali pa kwanza yalipotambuliwa ni Sutton Courtenay, kijiji kilicho kando ya mto Thames kusini mwa mji wa Abingdon, ambacho wasomaji wa fasihi hukifahamu kwa sababu nyingine: katika makaburi ya kanisa lake amezikwa Eric Arthur Blair, aliyeandika kwa jina la George Orwell, na ambaye kitabu chake kimoja kinajulikana kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama. Mnamo mwaka 1921 Edward Thurlow Leeds, wa makumbusho ya Ashmolean mjini Oxford, alianza kufuatilia machimbo ya changarawe karibu na kijiji hicho, na kwa vipindi hadi mwaka 1937 alirekodi zaidi ya mashimo thelathini yenye umbo la mstatili uliopinda pembe, kila moja likiwa na urefu wa mita tatu hadi nne au zaidi, kina cha chini ya mita moja, na mara nyingi shimo la nguzo katika kila ncha. Ndani yake mlikuwa na mifupa ya ng'ombe, kondoo na nguruwe, vigae vya vyungu, vitana vya mfupa, na pete nene za udongo ambazo zilikuwa vizito vya kitanda cha mfumi, yaani zilifungwa kwenye ncha za nyuzi za mtande ili zining'inie na kubaki zimekaza wakati mfumaji akipitisha mshindio. Leeds aliona kuwa watu walilala humo humo shimoni katikati ya mabaki ya chakula chao, akahitimisha kwamba Waanglo-Saksoni wa kawaida waliishi katika unyonge na uchafu uliokithiri.

Hitimisho hilo lilidumu kwa muda mrefu na lilikuwa kosa, ingawa uchimbaji wenyewe, kwa mtu aliyekimbizana na machimbo, ulikuwa wa thamani kubwa. Huko West Stow, katika jimbo la Suffolk, Stanley West alichimba kati ya mwaka 1965 na 1972 makazi takriban yote ya karne ya 5 hadi ya 7, akapata mashimo ya namna hiyo karibu sabini pamoja na majengo machache ya nguzo yaliyosimama juu ya ardhi, na akatoa hoja kwamba angalau baadhi ya mashimo yalifunikwa kwa sakafu ya mbao, kwa hiyo shimo lilikuwa nafasi ya hewa chini ya sakafu na si chumba. Baadaye Jess Tipper, katika kitabu chake cha mwaka 2004, alionesha kwamba takataka zilizomo ndani ya mashimo kwa kawaida zilitupwa humo baada ya jengo kuondolewa, majirani walipohitaji mahali pa kuzitupa. Kwa hiyo hazisemi chochote kuhusu usafi wa wenye nyumba, na hata tarehe zake ni za wakati jengo lilipokuwa limekwisha kazi. Mtu anayesoma ripoti za mitaro ya majaribio anapaswa kulikumbuka jambo hili kila anapokuta sentensi isemayo kwamba jengo ni la karne fulani kwa kuwa kigae cha karne hiyo kilikutwa ndani yake.

Utaratibu unaozalisha mitaro hii kwa wingi ni wa karibuni. Kabla ya mwaka 1990 wanaakiolojia wa Uingereza walitegemea fedha za serikali na huruma ya wenye machimbo, na mara nyingi walifika katapila likiwa limekwisha kupita. Novemba 1990 serikali ilitoa mwongozo wa mipango ya ardhi uliofanya mabaki ya kale kuwa jambo la kuzingatiwa katika kila ombi la ujenzi, na ukaweka msingi kwamba anayetaka kuendeleza ardhi ndiye anayegharimia uchunguzi wake. Kanuni hiyo iliingizwa katika sera ya kitaifa ya mwaka 2012 na bado inatumika. Mwanaakiolojia wa jimbo, ambaye ni mshauri wa halmashauri, hutazama orodha ya mambo ya kale iliyotunzwa katika jimbo lake, na akiona dalili, huomba shamba lifanyiwe tathmini. Tathmini hiyo ikionesha kitu cha maana, halmashauri inaweza kuagiza misingi ya nyumba ihamishwe ili mabaki yaachwe yalipo, au eneo zima lifukuliwe kwanza, au, kwa nadra, kukataa ujenzi kabisa.

Kabla ya ardhi kuguswa huandikwa mpango kazi unaoeleza idadi ya mitaro, mahali itakapokaa na namna kila kitu kitakavyorekodiwa. Mara nyingi shamba hupimwa pia kwa kifaa cha kupima sumaku ya ardhi, ambacho mpimaji hukibeba akitembea kwa mistari, kwa kuwa udongo uliowahi kuungua au kujaa mboji una sumaku kali kidogo kuliko ardhi isiyoguswa. Kifaa hicho huonesha vizuri mitaro ya mipaka ya Kirumi na matanuri; mashimo ya aina ya Sutton Courtenay huonekana kama vidoa, na nyumba ya nguzo peke yake kwa kawaida haionekani kabisa. Ndiyo maana mitaro haiwekwi tu mahali penye dalili, bali pia mahali palipoonekana patupu, ili kuupima upofu wa chombo.

Eskaveta huja ikiwa imefungwa ndoo pana isiyo na meno, kwa sababu meno huacha michirizi inayovuruga rangi za udongo, na mwendeshaji wake huondoa tabaka jembamba jembamba huku mwanaakiolojia akitembea kando ya ndoo, macho yake yakiwa chini, tayari kuinua mkono kumsimamisha. Mtaro mmoja kwa kawaida huwa na upana wa takriban mita 2 na urefu wa mita 30 hadi 50. Udongo wa juu hurundikwa upande mmoja na ule wa chini yake upande mwingine, ili urudishwe kwa mpangilio wake kazi ikiisha, na marundo yote mawili hupitishiwa kifaa cha kunusa vyuma. Mashine husimama pale inapofikia ardhi ya asili, ambayo mkono wa binadamu haujaigusa, au dalili ya kwanza ya mabaki, lolote litakalotangulia. Hapo ndipo kazi ya mikono inapoanza: wachimbaji huparua sakafu ya mtaro kwa majembe na kisha kwa miiko midogo ya waashi, wakirudi kinyumenyume ili wasikanyage walipokwisha kusafisha, kwa sababu alama ya kiatu kwenye udongo wenye unyevu inatosha kulificha shimo la nguzo.

Anayefanya kazi hii kwa miaka hujua kwamba jua kali ni adui na wingu ni rafiki. Juu ya changarawe ya bonde la Thames doa jeusi huonekana waziwazi mara tu linapofunuliwa, lakini juu ya udongo wa mfinyanzi unaotawala sehemu kubwa za Uingereza ya kati tofauti ya rangi ni ndogo mno. Mara nyingine mtaro uliokuwa mtupu Jumatatu huonesha mstari wa nguzo siku tatu baadaye, baada ya mvua kunyesha na uso wa ardhi kuanza kukauka, kwani udongo wa shimo la kale hushika maji kwa muda mrefu kuliko ardhi ya asili. Mtaro unaochimbwa asubuhi na kufukiwa jioni, ili eskaveta iliyokodiwa irudishwe kwa mwenyewe, haupi ardhi nafasi hiyo, na hapana shaka kwamba makazi fulani yamepotea kwa haraka ya namna hiyo.

Doa likionekana, halichimbwi lote. Hukatwa katikati, nusu yake ikatolewa kwa mwiko na nusu ikaachwa imesimama, ili ukuta wa udongo unaobaki uoneshe jinsi shimo lilivyojaa: pengine vipande vya mawe yaliyoshindiliwa pembeni kuishika nguzo, na katikati yake kiini cheusi cha nguzo yenyewe iliyooza, chenye upana unaoweza kupimwa kwa rula miaka 1,300 baada ya mti kukatwa. Shimo kubwa la jengo hugawanywa mara nne, na robo mbili zinazotazamana ndizo zinazochimbwa kwanza. Kila tukio, liwe kuchimbwa kwa shimo, kusimamishwa kwa nguzo au kujaa kwa takataka, hupewa namba yake na fomu yake, kwa sababu matukio hayo hayakutokea siku moja. Mchoro wa mkato wima huchorwa kwa kipimo cha 1:10, ule wa mlalo kwa 1:20, picha hupigwa, kimo juu ya usawa wa bahari huandikwa, na kila kigae huingia katika mfuko ulioandikwa namba ya tabaka lake. Kigae kilichotenganishwa na namba yake hakina tena la kusema.

Vigae vyenyewe ndivyo tatizo kubwa la zama hizi. Chungu cha karne ya 5 hadi ya 7 kilifinyangwa kwa mkono, mara nyingi kwa udongo uliochanganywa na nyasi au makapi ya nafaka, ambayo yaliungua motoni na kuacha vitundu vidogo vidogo. Chungu cha namna hiyo ni laini, na kikipigwa na jembe na barafu ya majira kadhaa husagika na kuwa udongo tena. Kipande kinachosalimika, kikiwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba na bila pambo, huweza kudhaniwa kuwa cha Enzi ya Chuma, miaka elfu moja kabla. Mambo hubadilika mwanzoni mwa karne ya 8, mji wa Ipswich unapoanza kutengeneza vyungu vigumu vya kijivu vilivyouzwa sehemu nyingi za mashariki, na zaidi katika karne ya 10, vyungu vya gurudumu vinapokuwa vya kawaida. Lakini magharibi na kaskazini mwa nchi kuna maeneo ambako kwa karne kadhaa vyungu havikutumika karibu kabisa. Katika hali hiyo tegemeo hubaki kuwa ndoo za udongo zinazochukuliwa kutoka ndani ya mashimo na kuoshwa kwa maji yanayotiririka juu ya chekecheke, hadi punje za shayiri na ngano zilizoungua zielee. Punje moja inatosha kupimwa umri kwa kaboni 14, na punje nyingi hueleza walichopanda na magugu yaliyosumbua mashamba yao.

Mtu akipiga hesabu atauona udhaifu wa mbinu hii. Ekari mbili na nusu, yaani hekta moja, ni mita za mraba 10,000. Halmashauri ikiagiza tathmini ya asilimia 2, eneo linalofunuliwa ni mita za mraba 200, ambayo ni mitaro mitatu na kidogo ya mita 30 kwa 2. Jengo la shimo lenye mita 4 kwa 3 linaweza kukaa kwa raha katika pengo kati ya mitaro hiyo, na mtaro ukiikata nyumba ya nguzo utaonesha pengine mashimo mawili au matatu, ambayo mchimbaji aliyechoka ataandika kuwa ni mizizi ya mti. Kijiji cha Kirumi huonekana kwa urahisi kwa sababu kina mitaro ya mipaka inayoenda mbali na vigae kwa mamia; makazi ya Kianglo-Saksoni ya mwanzo mara nyingi hayakuwa na mipaka ya kuchimbwa, na nyumba zake zilitawanyika na kuhamahama kadiri vizazi vilivyopita. Huko Mucking, juu ya mlango wa mto Thames, Margaret na Tom Jones walifukua kati ya mwaka 1965 na 1978 majengo ya mashimo zaidi ya 200, lakini yalikuwa yameenea juu ya eneo kubwa mno na hayakuwepo yote kwa wakati mmoja. Utafiti wa Gill Hey na Mark Lacey, uliochapishwa mwaka 2001, ulilinganisha kile kilichooneshwa na mitaro ya majaribio na kile kilichokuja kuonekana mashamba hayo hayo yalipofukuliwa yote, ukakuta kwamba mabaki ya Kirumi hutabiriwa vizuri, ilhali ya Enzi ya Shaba na ya Waanglo-Saksoni ndiyo yanayoponyoka zaidi, na kwamba asilimia 2 ni kidogo mno.

Ndani ya kijiji chenyewe, kwenye bustani na viwanja vya nyumba zinazokaliwa, hata mtaro wa mita 30 hauna pa kupita. Carenza Lewis, aliyeanzisha mwaka 2005 mpango wa Chuo Kikuu cha Cambridge uliowashirikisha wanafunzi wa sekondari, alitumia mashimo ya mita moja ya mraba, yaliyochimbwa na wanafunzi pamoja na wenyeji katika nyua zao, na jumla ya mashimo kama 2,000 kutoka vijiji zaidi ya 50 ilimwezesha kuonesha, katika makala ya mwaka 2016, kwamba matumizi ya vyungu yalipungua kwa takriban asilimia 45 baada ya tauni ya mwaka 1348 na 1349. Kwa karne za mwanzo mashimo hayo hutoa vigae vichache sana, na uchache huo wenyewe ni habari: vijiji vingi vya Uingereza vilivyokusanyika kuzunguka kanisa na nyumba ya bwana wa ardhi vilipata umbo hilo kati ya karne ya 9 na ya 12, na watu wa kabla ya hapo waliishi katika maboma madogo yaliyotapakaa, ambayo leo yako chini ya mashamba. Wapo pia waliobaki pale pale. Huko Lyminge, katika jimbo la Kent, Gabor Thomas wa Chuo Kikuu cha Reading, aliyechimba kuanzia mwaka 2008, alipata mwaka 2012 jumba la karamu lenye urefu wa mita 21 na upana wa mita 8.5 chini ya nyasi za uwanja wa kijiji, mahali ambapo wenyeji walikuwa wakicheza na kupumzika bila kujua.

Hata Sutton Courtenay ilikuwa haijasema yote. Picha zilizopigwa kutoka angani zilikuwa zimeonesha, katika mashamba yaliyo karibu na machimbo ya Leeds, mistari ya mstatili ambako mimea iliota kwa namna tofauti, kwa kuwa mizizi iliyo juu ya mtaro wa kale hupata maji mengi zaidi. Mwaka 2009 kipindi cha televisheni cha Time Team, ambacho desturi yake ilikuwa kuchimba kwa siku tatu, kilipasua mitaro ya majaribio juu ya mistari hiyo, na kazi hiyo, iliyochapishwa kitaalamu mwaka 2015 na Naomi Brennan na Helena Hamerow, ilithibitisha kuwapo kwa majumba makubwa ya mbao ya karne ya 7, moja likiwa na urefu wa takriban mita 30, miongoni mwa marefu kuliko yote yanayojulikana kutoka zama hizo. Mji wa Dorchester-on-Thames, ambako kwa maelezo ya Bede askofu Birinus alipewa kiti chake baada ya kumbatiza mfalme Cynegils wa Wessex, mojawapo ya falme za Kianglo-Saksoni, hauko mbali, na waandishi hao wameuliza kama hapa ndipo palipokuwa makao ya wafalme wa kwanza wa Wessex. Mahali palipompa Leeds picha ya watu wanaolala juu ya mifupa ndipo palipokuwa, kwa umbali mfupi tu, na ukumbi wa kifalme, na pengo kati ya picha hizo mbili lilitokana na mahali machimbo ya changarawe yalipotokea kukata.

Ripoti ya kila tathmini, hata ile isiyopata kitu, huwekwa katika kumbukumbu za jimbo, na huo ni utaratibu wa kusifiwa, kwani mtaro mtupu uliorekodiwa vizuri humsaidia mtafiti wa kesho. Lakini ripoti isemayo kwamba shamba halina mabaki ya zama hizo inapaswa kusomwa kama kauli kuhusu asilimia 2 au 5 ya shamba hilo, na si zaidi. Halmashauri za Uingereza zinazosimamia mashamba ya pembezoni mwa vijiji vya kale zina wajibu wa kuagiza kiwango kikubwa zaidi, kuupa mtaro siku za kunyeshewa na kukauka kabla haujafukiwa, na kuagiza urefushwe au upanuliwe pale kinapotokea hata kigae kimoja cha udongo uliochanganywa na makapi. Gharama ya siku mbili za eskaveta ni ndogo, na nyumba za mbao zilizooza hazina nafasi ya pili baada ya misingi ya zege kumwagwa.